Nilivyoiponda Kazi Yangu Mbele ya Wageni

Hebu niambieni, nani asingekasirika? Miaka sita mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hoteli moja kule Uroa, na tangu akili bandia ianze kusifiwa, kila mtu ananitazama kama maiti anayesubiri sanda.

Jumatatu iliyopita nikasikia sauti ngeni ofisini kwa meneja. Nikachungulia. Wazee wawili wa kanzu walikuwa wanamhoji habari zangu.

"Kazi yake ya uhakika?" mmoja aliuliza. "Na hizi mashine zikija, hatofukuzwa?"

Damu ikanichemka. Nikajua hawa ni wenye kampuni fulani ya kompyuta ya mjini, wamekuja kuninyang'anya kazi wampe mtu wao! Nikaingia bila hodi, hata shikamoo sikutoa.

"Kazi yenyewe haina maana!" niliwaambia, ili niwakatishe tamaa. "Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na mwakani kompyuta itanitoa mimi na huyo atakayenifuata. Anayetaka kuitegemea, shauri yake!"

Meneja akajishika kichwa. Mimi nikasimama pale kifua mbele, nikijiona shujaa.

Mzee mkubwa akainuka taratibu, akachukua bakora yake.

"Ahsante, mwanangu. Sisi ni ami zake Salma, wa Kiembe Samaki. Wazee wako wameleta posa, tukaja kuuliza kama utaweza kumtunza mtoto wetu. Bosi wako alikuwa keshatwambia mkataba wako ni wa kudumu. Tunashukuru kuupata ukweli kwako mwenyewe."