Msichana wa Dirishani

Wasomi wenzangu wakiniuliza ni vitabu gani vilinilea, wanasubiri majina makubwa. Nikiwajibu, wanatabasamu kwa huruma. Watabasamu tu. Mimi nililelewa na vitabu vya upelelezi vya Kikristo, vya wasichana ambao bado hawajavunja ungo, vyenye majalada laini na harufu ya kabati la kanisa, na sioni haya kusema hivyo.

Vita vilipoanza kaskazini, bibi mmoja Mzungu aliyekuwa akifanya kazi ya Mungu mtaani kwetu Nyamirambo, mjini Kigali, alifunga mizigo akarudi kwao. Alituachia katoni nzima ya vitabu hivyo, vyote kwa Kifaransa. Kila kitabu kilikuwa na msichana yule yule mwenye tochi, mbwa, na chumba chake peke yake. Kitu kinaibwa. Msichana anaomba, anatafuta, anamdhania mtu asiyehusika, anaomba tena, anamkamata mwizi. Mwizi analia, anasamehewa, wote wanakula keki.

Kifaransa changu kilikuwa na nguvu kuliko cha wenzangu, kwa hiyo baada ya shule ya Jumapili nilikaa mbele nikawasomea, nikitafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mwalimu wetu, mama mmoja ambaye hata akiomba ungedhani anamwamrisha Mungu.

Rafiki yangu hakuingia ndani. Alikuwa Mwislamu, binti wa fundi cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, na baba yake alimruhusu asikilize hadithi bila kuvuka kizingiti cha kanisa. Basi aligeuza ndoo chini ya dirisha, akasimama juu yake, akaweka viwiko ndani na miguu akaiacha nje.

"Mbwa iko nalala ndani ya nyumba?" aliuliza siku ya kwanza. "Na mama yake ananyamaza?"

Tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Lakini kwa kutambua mwizi, hakuna aliyemfikia. Hadithi haijafika mbali, yeye keshampata. "Ni ile mjomba ya ndevu. Iko anacheka sana bila sababu." Na kweli, mwisho wa kitabu mjomba alikuwa analia huku amepiga magoti.

Ndipo kitambaa cha meza ya Bwana kikapotea.

Kilikuwa cheupe, kina mama wa kanisa walikitarizi zabibu na ngano pembeni, na mwalimu ndiye aliyekifua kila kabla ya ushirika mtakatifu. Jumapili ile tuliingia tukakuta meza imetandikwa shuka. Mwalimu alisema alikianika Jumamosi kwenye kamba nyuma ya kanisa, alipokwenda kukianua hakukiona. Mama mmoja akakumbuka kwamba Jumamosi hiyo hiyo alimwona binti wa fundi akivuka barabara na kitambaa cheupe kwapani. Kitambaa cheupe, duka la fundi, wiki za kushona kanzu za Idi! Angebeba cha rangi gani?

Mwalimu hakutaka zaidi ya hapo. Alitoka mlangoni akasimama akitazama dukani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye vibanda vya wauza mkaa: "Nani mwingine iko anazunguka dirisha yetu kila Jumapili? Kusali hasali. Basi iko anatafuta nini? Huyu mtoto ni mwizi!"

Miaka ile kunyooshewa kidole hakukuwa mzaha. Redio ilikuwa ikitufundisha kila siku kwamba adui tunaishi naye, ana sura ya jirani, na watu walikuwa wanatiwa hatiani kabla hawajaulizwa neno. Nilikuwa mtoto lakini masikio nilikuwa nayo, na jambo lile lilinichukiza kupita kiasi. Kabla wiki haijaisha kina mama wa kanisa walikwenda dukani kuchukua vitambaa vyao, hata vile vilivyokwisha kukatwa. Watoto walimpigia rafiki yangu kelele za mwizi akienda kuteka maji. Baba yake aliondoa ndoo dirishani, akamkataza kuvuka barabara, na habari zikaenea kwamba Idi ikipita atampeleka kwa shangazi yake Bujumbura, akaishi huko moja kwa moja.

Mama yangu naye alinikataza kwenda kwao. "Acha mambo ya watu wazima," alisema. Watu wazima ndio walioyaharibu, lakini hilo sikumwambia. Nilianza kupeleleza.

Sikuhitaji tochi. Jumamosi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimesaidia kuanika mablanketi ya wageni wa semina, na kamba ya nyuma ya kanisa ilijaa mwanzo mpaka mwisho, hata soksi isingepata nafasi. Basi kitambaa hakikuwa kwenye kamba. Kwetu kamba ikijaa, nguo hutandazwa juu ya ua. Na ua wa karibu ulikuwa wa nyumba ya mwalimu, ubavuni mwa kanisa, ua wa miyenzi. Hakuna binti wa Kigali asiyeijua miyenzi: ukivunja kijiti kinatoa maziwa meupe, na maziwa yale yakikaukia kwenye nguo nyeupe yanageuka doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi. Mwalimu mwenyewe alitukataza kuugusa ua ule kila wiki.

Nilikwenda nikautazama. Juu ulikuwa umelazwa kwa upana wa meza, vijiti vimevunjika, maziwa yamekauka. Halafu nikakumbuka kwamba mikono ya mwalimu ilikuwa inanuka javeli tangu siku ile, ile dawa ya kung'arisha nguo, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabambuka.

Kanisani kwetu kulikuwa na saa ya ushuhuda. Aliyeokoka husimama, husema "Yesu ashimwe", yaani asifiwe, huungama dhambi yake mbele ya wote, na ni mwiko kumkatiza. Ila wazee walikuwa na dawa yao: msemaji akipotoka, mama mmoja huanzisha pambio, wote wakadaka, naye hukaa kwa aibu. Watoto hatukuwa tukisimama kabisa. Nilisimama.

"Yesu ashimwe."

"Ashimwe!" waliitika, wakitabasamu.

"Leo sina dhambi yangu," nilisema. "Nimekuja na ya mtu mwingine."

Mama alinivuta gauni. Niliendelea. Nilisema mablanketi, nikasema ua. Nilipofika kwenye miyenzi mwalimu alianzisha pambio kwa sauti yake yote, na kanisa zima likadaka. Nikasubiri. Sikukaa. Lilipoisha nikasema, "Na mikono inanuka javeli," wakaanzisha la pili kwa makofi. Nikasubiri tena, huku hasira zimenipanda mpaka machozi yananitoka. Waimbe mpaka jioni, nilijisemea, watachoka wao.

Katikati ya pambio la tatu mama mkwe wa mwalimu, bibi kizee aliyetembelea fimbo, aliinuka akatoka. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu chenye unyevu. Alikwenda mbele, akaondoa shuka, akakitandika juu ya meza: zabibu, ngano, na madoa ya kahawia kila mahali. Wimbo ulikatika wenyewe.

Mwalimu alilia. Alisema aliona aibu, yeye anayetukataza ua ule kila wiki, akadhani javeli itamwokoa, kisha Shetani akamfunga mdomo. "Haleluya!" walisema. Walimkumbatia, na mchungaji akainua mikono aombe. Ukurasa ule nilikuwa nimeutafsiri mara nyingi mno. Ilibaki keki tu.

"Kaa chini, mwana wanjye," mchungaji aliniambia kwa upole, kama baba kwa mwanawe. "Imekwisha."

"Haijakwisha," nikasema. "Mwenyewe hayuko hapa. Iko kule dukani."

Nilisimama mpaka mwalimu akavuka barabara, na kanisa zima nyuma yake. Fundi aliuondoa mguu kwenye cherehani. Mwalimu alizungumza akitazama chini, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mama, sisikii vizuri," fundi alisema kwa adabu. "Ile siku barabara yote ilisikia. Sema na sauti ya ile siku."

Akasema. Barabara yote ikasikia.

Mimi kabati la vitabu nilifungiwa tangu hapo, kwa kukosa heshima. Walifunge. Nilitoka nyuma ya umati nikaingia dukani, nikamkuta rafiki yangu amekaa chini akishonea kanzu vifungo. Nilimweleza kwa majivuno jinsi nilivyogundua yote, kamba, ua na mikono, naye hakuinua kichwa.

"Mimi nilimuona," alisema. "Toka hapa ua yake iko inaonekana. Nilimuona anatandika, nilimuona anatoa."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Niliambia wale mama, walipokuja kuchukua vitambaa." Alikata uzi kwa meno. "Wewe walikuimbia pambio. Mimi hata pambio hawakuimba."