Jembe Bila Ngoma

Udongo uliolimwa sasa hivi, ukiwa bado na unyevu wa mvua ya kwanza, una harufu yake. Nikiinusa tu, jamani, nimerudi Shinyanga, miaka michache baada ya reli kupita kwetu kuelekea Mwanza, nami, Minza, ni mtoto mdaku nisiyefungika mdomo.

Mdogo wangu Kabula yeye hakusema kabisa. Alikuwa na miaka kama sita, na kutwa alipanga magunzi uani, makubwa huku, madogo kule, na ole wako uguse moja! Kilichomtesa ni ngoma. Mwaka uliotangulia, kikundi cha kulima kilipoingia shambani kwetu na ngoma zao, aliziba masikio akakimbilia porini. Tulimpata jioni, miiba mwili mzima. Nilitaka mno kujua anasikia nini humo. Siku moja nikalaza sikio kwenye ngoma ya watu, nikamwambia mwenzangu aipige kwa nguvu zake zote. Nilichoambulia ni sikio kuvuma siku mbili, na kofi la mama.

Msimu ukarudi. Kwetu shamba kubwa lililimwa kwa ngoma, mpigaji mbele, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Baba alikwisha kufariki. Bila kikundi tungekufa njaa. Bibi, mama yake baba, akamletea mama kamba. "Mfunge ndani, siku moja tu. Kwani atakuwa wa kwanza?"

Mama akaipokea ile kamba, akaenda kumfungia ndama.

Kesho yake asubuhi alinishika mkono mpaka kwa Mzee Masanja, kiongozi wa kikundi. Wanaume walikuwa uani wakitia majembe mipini. Mama akapiga magoti, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha. Naomba mnilimie bila ngoma. Zinamtesa binti yangu."

Kicheko hicho! Masanja ndiye aliyecheka kuliko wote. "Jembe bila ngoma, Mama Minza? Huo si ugali bila mboga?"

Mama hakuinuka. Akawaeleza yote: mtoto asiyesema, magunzi, miiba. Mbele ya wanaume wote wale! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Haya," Masanja alisema mwishoni. "Ila matuta yakienda kombo usitulaumu."

Yakaenda kombo kweli. Majembe yaligongana, watu wakatupiana maneno ya utani, kazi ikachukua siku mbili badala ya moja. Kabula akachungulia mlangoni, akatoka, akaketi pembeni mwa shamba, mikono mapajani. Bibi akasema "Hee!" basi.

Wenzake walipoondoka, Masanja alibaki akimtazama Kabula. Kisha akamwambia mama, taratibu, "Hata mimi ninaye. Wa kiume. Ana miaka kumi, yuko ndani."

"Mbona hatujamwona?" nikadakia. Mama akanifinya.

Wakati wa mavuno tulimwona. Masanja alikuja naye kwetu mchana kweupe, kamshika mkono.

Kwa miaka mingi niliona aibu nikiyakumbuka magoti yale ya mama. Sasa nimezaa, nimelea, na aibu ninayo bado, lakini ni yangu: siku ile uani, mimi mdaku niliyeuliza kila kitu, nilikuwa naomba moyoni mama anyamaze.