Samadi ya Zizi la Eedo

Niseme ukweli: kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa kiburi.

Kinamasi kile cha kando ya Tana kilikuwa jalala kwa miaka. Tulipozoa taka na kung'oa mathenge, ule mti wa miiba unaomeza malisho yote hapa Garissa, shangazi yangu, eedo, aliwasihi wafugaji wasiingize mifugo mpaka nyasi za asili zishike. Wakakubali kwa sababu ni yeye aliyeomba. Ukame ukaja, mbuzi wakakonda, wengine wakafa, na bado wafugaji wakangoja.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila mwezi naweka fremu ya mbao chini, nahesabu kilichoota ndani yake, naandika. Asubuhi hiyo wafugaji walikuwa njiani kuja kukagua.

"Eedo, njoo uone! Migunga yetu ya asili imeota tele!"

Akachutama, akang'oa mche mmoja, akapukuta udongo mzizini. Ikatoka samadi ya mbuzi iliyokauka, na ganda la mbegu limepasuka ndani yake.

"Migunga gani? Wallahi hii ni mathenge."

Mbuzi anakula maganda ya mathenge, mbegu inatoka nzima kwenye samadi. Kila mtoto wa mfugaji anajua! Mimi mwenye cheti ukutani ndiye niliyeagiza magunia ya samadi ya kurutubisha udongo kutoka zizini kwa eedo, na aliponiuliza kama nina hakika, nilimjibu, "Niachie mimi, eedo, hii ndiyo kazi yangu." Mjinga mkubwa.

Wafugaji wakafika. Mkubwa wao aliitazama ile miche, na hakuhitaji kuchutama.

"Samadi ilitoka wapi?"

"Zizini kwangu," eedo akasema. Hakunitaja.

Ningeweza kukaa kimya.

"Ni mimi, adeer," nikasema, nikimwita ami kwa heshima. "Yeye aliuliza, mimi nikamnyamazisha."

Hata hakunitazama. Alimwambia eedo, "Mbuzi wetu wamekufa njaa kwa neno lako. Ijumaa tunaingiza mifugo." Wakaondoka.

Ilikuwa Jumanne. Eedo akafunga vizuri shungi lake, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Nami nikapiga magoti kando yake, machozi yananitoka, nikashika cha kwanza nilichokiona.

"Acha hicho," akasema bila kugeuka. "Hiyo ni nyasi."