Bunduki ya Papa Nestor Yapanda Ndege

Toka Walikale mpaka Masisi bunduki ni nyingi kuliko masufuria, na karibu zote zinatembea bila karatasi. Bunduki ya Papa Nestor ilikuwa na karatasi zote, mihuri yote, hata picha ya mwenyewe akiwa bado na nywele. Ajabu ni kwamba yeye ndiye pekee aliyeogopa kusafiri na silaha yake.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, kalibre douze, yaani kumi na mbili, ya mdomo mmoja, aliyorithi kwa baba yake. Kitabu cha ruhusa kilitoka wakati wa Zaïre. Ndani yake alikuwa amekunja karatasi mpya, kwa sababu karani mmoja alimweleza, kwa upole kama anayeleta habari za msiba, kwamba nchi iliyompa ruhusa ile ilishakufa zamani.

Siku ya Jumanne simu ililia. Alikuwa Umugwaneza, binti wa marehemu dada yake, aliyeishi Goma na baba yake, Valens.

"Mujomba, papa anakuita. Macho ilishazimika, sasa ata pumzi inaanza kukatika-katika. Anasema ukuje na bunduki. Kama haiko na bunduki, anasema ubakie kwako, utaharibu tike bure."

Nestor alikaa chini. Alielewa vizuri maana ya maneno yale.

Katika ukoo wake bunduki na risasi hazilali nyumba moja. Mwenye bunduki hana risasi, mwenye risasi hana bunduki, na kila anayetaka kuwinda lazima kwanza aende kumwomba mwenzake. Sheria hiyo iliwekwa na baba yake siku mjomba mmoja, aliyekuwa amejaa pombe ya kasiksi mpaka shingoni, alipoliona paa la kanisa liking'aa akadhani ni chui. Paa lilikufa. Tangu hapo bunduki haifunguliwi mahali pa kutilia risasi bila mtunza risasi kuwepo, na mtunza risasi akikaribia kuondoka duniani lazima akabidhi risasi mbele ya bunduki iliyofunguliwa. Akifa kabla, bunduki nayo imekufa. Inazikwa, na hakuna mtoto wa ukoo atakayeigusa tena.

Na mtunza risasi alikuwa Valens.

Valens alikuwa mkulima wa milima ya Lushebere, huko Masisi. Alishuka Walikale kuuza viazi, akapanda bila viazi na bila moyo, kwa sababu vyote viwili vilibaki kwa Nadine, dada yake Nestor. Wazee walipomkubali kuwa mkwe wakampa risasi azitunze. Sababu yao ilikuwa safi kabisa: mtu wa Masisi hawezi kushawishika kwenda kuwinda peke yake, maana anamwogopa hata mbuzi akikohoa.

Basi wakawa wanawinda pamoja. Siku hizo Bisie ilikuwa msitu, haijawa machimbo ya mawe. Walitembea siku mbili, Nestor mbele na bunduki, Valens nyuma na kopo la maziwa ya Nido lenye risasi tatu ndani, kwaja, kwaja, kwaja, mpaka wanyama wa kilomita nzima wakajua shemeki wawili wanakuja.

"Fungia iyo kopo nguo!" Nestor alikuwa anafoka.

"Nguo njo hii nimevaa. Unataka nitembee uchi mbele ya mboloko?"

Mboloko ni swala mdogo wa msituni, mwenye miguu kama penseli. Wakimwona, Nestor ananyoosha mkono nyuma, Valens anafungua kopo taratibu, anamkabidhi risasi moja kama padri anayegawa komunyo. Mpaka ibada hiyo iishe, mboloko alishafika Maniema. Waliketi juu ya mzizi wakala viazi baridi, wakagombana nani alimkimbiza, wakacheka. Kwa miaka yote hiyo nyama waliyoleta nyumbani ilikuwa kidogo mno, lakini hawakuwahi kurudi na hasira.

Kisha vita vikapanda na kushuka, vikapanda tena. Valens na Nadine walikimbilia Goma na kopo lao. Miaka kumi na mmoja ikapita. Kila Jumapili Nestor aliipaka bunduki mafuta ya mawese, akaifunga ndani ya kitenge cha mkewe, akaitundika ukutani. Hakuifungua hata mara moja. Angeifunguaje, na Valens hayupo?

Sasa ilibidi wafike Goma wote wawili, yeye na bunduki. Barabara aliifikiria dakika moja tu. Kwenye kizuizi cha kwanza wangeuliza karatasi, cha pili wangeuliza bunduki, cha tatu wangemuuliza yeye mwenyewe ni wa nani. Ilibaki ndege. Mwaka ule uwanja wa Goma ulikuwa bado haujafungwa.

Noëlla, mama aliyekuwa anauza tike, alimweleza masharti. Bunduki iwe tupu, iwe ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, itangazwe mapema, iende chini na mizigo. Risasi zikae mbali nayo.

Nestor alicheka mpaka akashika meza. "Mama, iyo sheria yenu papa yangu aliiweka zamani, mbele ya wenye ndege!"

Fundi akachonga sanduku. Likatoka refu, jembamba, limepigwa vanishi vizuri mno. Mkewe, Joséphine-Marie, alilizunguka mara mbili.

"Nestor, ukipita na ile kintu mu barabara, majirani watakuya kulala hapa na maharage ya matanga."

Walikuja wawili. Aliwapa chai, akawarudisha.

Alhamisi asubuhi, kiwanjani, sanduku lilipandishwa juu ya mizani inayopima magunia ya mawe ya Bisie, halafu Nestor mwenyewe akapandishwa. Sanduku na mwenyewe walizidi kidogo gunia moja la kasiterite, yale mawe ya bati. Noëlla akafungua fomu.

"Silaha iko tupu?"

"Tupu."

"Risasi iko wapi?"

"Iko Goma."

Kalamu ikasimama. Kijana wa usalama, Prince, aliyekuwa anakula mkate na kuangalia ndege, akaacha kula.

"Papa, rudilia. Bunduki iko hapa, risasi iko Goma?"

"Njo vile. Iko kwa shemeki yangu. Ananingojea."

"Anakungojea na risasi."

"Ee. Toka miaka kumi na moja."

Prince akamtazama Noëlla. "Umesikia? Silaha inatoka huku, risasi inangojea kule, na complice, mwenzake wa mpango, anajulikana. Miaka kumi na moja wanapanga!"

Nestor alijaribu kueleza. Alianza na mjomba mlevi na paa la kanisa, na kila alipoeleza zaidi, mpango ule ulizidi kuwa mkubwa. Mwishowe Prince akainua mkono. "Papa, mie sina shida na mila yako. Fungua bunduki, nione ndani. Kama iko tupu, unapanda."

"Siwezi kuifungua."

"Kumbe iko na kintu!"

"Haiko na kintu! Siwezi kuifungua kama Valens haiko."

Rubani alikuwa ameshaanza kuzunguka ndege yake akipiga magurudumu teke. Nestor alisimama na ufunguo mkononi. Akifungua bila Valens, kazi yote ya baba yake imekwisha hapo hapo juu ya mizani ya mawe. Asipofungua, ndege inaondoka, Valens anakufa, mwisho ni ule ule.

Noëlla ndiye aliyechoka kwanza. "Huyo Valens haiko na telefone?"

Wakapiga. Umugwaneza akapokea, akaweka sauti ya juu, akalaza simu karibu na mto wa baba yake. Ilisikika pumzi ndefu, kisha sauti nyembamba:

"Nestor? Bado tu haujapanda?"

"Wanasema niifungue. Weye hauko hapa."

Halafu Valens akacheka, kicheko kilichochanganyika na kikohozi.

"Weye mujinga. Mie ni kipofu. Ata ningesimama karibu yako, ningefanya nini? Ningesikia. Sasa niko nasikia. Fungua."

Nestor akafungua kufuli, akakunjua kitenge, akampa Prince simu aishike karibu. Akasukuma kile chuma kidogo. Bunduki ikavunjika katikati: *kla!*

"Yenyewe," sauti ya Goma ikasema polepole. "Njo ile sauti."

Prince akachungulia. Giza. Akaiinamisha, akapiga kitako, na ndani ya mdomo kikateremka kitu kikaanguka mezani juu ya fomu: bomba la udongo mkavu, limejengwa vizuri, lenye vyumba.

"Nini imeanguka?" Valens akauliza.

"Nyumba ya nyigu," akasema Nestor kwa aibu. Jumapili zote zile alikuwa anapaka mafuta ukuta wa nje wa nyumba ya watu.

Kiwanja kizima kikalipuka. Prince alicheka mpaka mkate ukaanguka. Noëlla akafuta machozi, akaandika kwenye fomu, mbele ya neno "hali ya silaha": tupu, wapangaji wameondoka.

Nestor akafunga sanduku. Lile bomba la udongo akaliweka mfukoni, hakujua kwa nini.

Angani, kwa mara ya kwanza, aliona msitu wake kutoka juu. Alitafuta ule mzizi wa viazi baridi. Alikuta kidonda chekundu chenye mapaa ya bati, akaelewa ni Bisie, akageuza uso.

Goma, Valens alikuwa mdogo kitandani kama nguo zilizosahauliwa. Nestor aliifungua bunduki tena, akamwekea mikononi. Valens akaipapasa, akanusa mawese, akatabasamu. Kisha akamwomba Umugwaneza alete kopo la Nido.

Halikulia.

"Shemeki," akasema Valens, "njo juu ya ile nilikuita. Siku tulikimbia, tulipokaribia Mubambiro, nikaona askari wanapekua watu. Nikaogopa. Nikatupa zote tatu mu choo ya muntu. Miaka yote hii niko nalinda kopo."

Nestor alimkumbuka mboloko ambaye hakuwahi kusubiri ibada iishe. Akatia mkono mfukoni, akatoa ule udongo, akauweka ndani ya kopo na kulifunga. Akalitikisa. Kwaja.

Uso wa kipofu ukaamka. "Ngapi?"

"Moja."

"Inatosha. Weye ulikuwa unakosaka tu." Akalishika kopo kwa mikono miwili, bunduki imefunguka magotini pake, akamnyooshea binti yake. "Shika, mutoto wangu. Na huyu akikuomba, kwanza mufanye angojee."