Nilivunja Mkono wa Shemeji Yangu, Mtu Mwingine Akapigwa

Admin, ficha jina langu. Majina niliyoandika humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na mtoto, naishi Kibomet hapa Kitale. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Najua mtanitukana, lakini someni kwanza mpaka mwisho.

Niliandika programu miaka kumi na moja kwa kampuni ndogo hapa mjini: mifumo ya shule, ya vyama vya wakulima, ya maduka ya dawa za mifugo. Mdogo wa mke wangu, tumwite Wafula, alipomaliza chuo ni mimi nilimwombea kazi hapo. Nikamketisha karibu na mimi, nikamfundisha kila kitu.

Halafu hizi AI zikaja. Unaiambia kompyuta unachotaka, inakuandikia programu yenyewe. Mimi nilizidharau, nikasema ni mashine za wavivu. Wafula akazishika. Kuna mfumo wa chama cha maziwa nilikuwa nimepigana nao wiki tatu, yeye akaumaliza siku mbili, na makosa yangu akayarekebisha pia. Bosi akaanza kumuuliza yeye kwanza. Jumatatu moja asubuhi akatuita watu watatu, akasema, "Nyinyi kazi imeisha. Wafula atabaki kusimamia mashine."

Nikichukua vitu vyangu nikamuuliza Wafula kama alijua. Akanionyesha kompyuta yake. Alikuwa ameilisha ile mashine kazi zangu zote, za miaka yote.

"Nilitaka iandike kama wewe, shemeji," akasema. "Hapa hakuna mtu anaandika vizuri kuliko wewe."

Alisema kwa heshima kabisa. Hiyo heshima ndiyo iliniumiza kuliko kufutwa.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunaenda kwa wakwe Chwele. Mke wangu alikuwa ametangulia. Wafula akanipigia ati yuko Misikhu, nimpitie na pikipiki yangu tuongee yaishe. Hakuna mtu mwingine alijua. Nikampakia. Njiani akaanza: "Shemeji, si ujifunze tu hivi vitu? Nitakufundisha mimi, bana."

Anifundishe mimi!

Nikakata kona kwa barabara ya mashamba ya miwa, nikazima pikipiki. Nikamgonga uso na helmeti. Alipoanguka nikatoa spana chini ya kiti. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, nikaushika, nikaukanyagia chini, nikaupiga. Sitawadanganya ati hasira ilinifunga macho. Nililenga mkono. Nilitaka vidole. Mifupa ililia kama bua kavu. Hakunitukana hata mara moja, alikuwa anasema tu, "Shemeji, ni mimi. Shemeji, ni mimi." Nikamwacha hapo kwa matope.

Nilifika Chwele, nikanawa, nikakunywa chai na baba mkwe. Nilikuwa kwa kikombe cha pili simu ilipoingia kutoka hospitali, ati wapita njia wamemleta Wafula.

Wafula aliambia watu kwamba aligongwa na bodaboda karibu na Misikhu, dereva akahepa. Tulipobaki wawili akaninong'onezea, "Nikikutaja, dada atabaki na nani?"

Saa hii anaishi kwangu. Mke wangu anamfunga vifungo vya shati, anamkatia nyama. Daktari alisema vidole viwili havitanyooka tena. Na mnajua anafanya nini mchana kutwa? Anafanya kazi. Anaongea na kompyuta, inaandika. Mimi nakaa jikoni bila kazi, nasikia sauti yake ikipita kwa ukuta, "Ongeza hapa, toa pale." Nilivunja mkono ambao kazi hiyo haikuuhitaji tena.

Pengine ningekufa na hiyo siri. Lakini wiki iliyopita kaka wawili wa mke wangu waliamua kwenda Misikhu kumtafuta huyo wa bodaboda. Wakaniita. Mimi ni mkwe, ningekataa aje? Kwa stage ya bodaboda tukapata mtu wa makamo, taa ya mbele ya pikipiki yake imevunjika. Kuna mtu alipiga kelele, "Ni huyu!" Wale watu wote sijui walitoka wapi. Mawe, marungu, mateke. Alikuwa anatema damu na meno akilia, "Mimi sijagonga mutu! Mureteni huyo kijana aniangarie!" Pikipiki yake ikamwagiwa petroli, ikawaka.

Shemeji mkubwa akaniwekea rungu mkononi. "Si ni ndugu ya bibi yako? Unangoja nini?"

Nilimpiga. Yule mtu ambaye ni mimi peke yangu hapo nilijua hana kosa, nilimpiga mbavu mara mbili. Akaniangalia usoni.

Polisi wakamtoa. Yuko hospitali, amefungwa pingu kwa kitanda ati ndiye alimgonga Wafula, na jicho moja limeharibika kabisa.

Wafula aliposikia, aliniita kando. Akaniambia, "Mimi nilidanganya ndiyo nilinde dada, si ndiyo watu waue mtu. Nakupa mpaka Jumapili useme mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi."

Leo ni Ijumaa. Asubuhi mke wangu ameniwekea chai mezani, akanishika bega. "Asante, Baba Neema," akasema. "Ulisimama na ndugu zangu."

Chai sikuinywa. Jela najua inaningoja, na hiyo siiogopi sana kama ninavyoogopa uso wa huyu mwanamke nikifungua mdomo. Nianzie wapi? Kwake, kwa polisi, ama kwa kitanda cha yule mtu? Na nikifika kwa hicho kitanda, mtu kama mimi anasema nini? Nishaurini, hata kama mnanilaani.