Mdomo Aliousubu Khamnuan

Miaka yote ambayo Khamnuan alikuwa akisubu sanamu za shaba huko Thonburi, mwalimu wake, mzee Plueang, alikuwa na neno lilelile juu ya sanamu zake: "Mwili mzuri. Mdomo umevimba." Neno hilo lilimkaa rohoni. Alitaka kusikia jingine kabla mzee hajafa, basi.

Alipopewa kazi ya kusubu sanamu ya Buddha ya hekalu la mtaani, akaapa kwamba mdomo huu hautavimba. Alichonga tabasamu kwenye nta, akaliharibu, akachonga tena, mpaka mkewe akamwuliza amemwoa yeye au ule mdomo. Nta ikafunikwa udongo, ikayeyushwa itoke, shaba ikamiminwa mahali pake, ikapoa, udongo ukavunjwa. Lo! Midomo myembamba, imetulia, karibu icheke. Akampelekea mwalimu salamu: njoo sikukuu ya mwezi mpevu, uhakikishe mwenyewe.

Ila siku ya kuiweka sanamu hekaluni, jino lilikuwa linamuua. Na kwao mtu huomba kupona kwa kubandika jani la dhahabu, jepesi kuliko karatasi, kwenye sanamu, mahali panapomuuma yeye: wa goti gotini, wa kichwa kichwani. Naye akabandika lake mdomoni, moja tu. Asubuhi jino kimya. Si angenyamaza? Wapi! Akaenda kujisifu kwenye kibanda cha tambi cha Bi Lamduan, watu wamejaa.

Kufika sikukuu, wenye meno mabovu wa Thonburi nzima walikuwa wameshapita. Mdomo umekuwa donge la dhahabu. Khamnuan, hasira zimemkaba, akamwomba mtawa mkuu ruhusa ya kukwangua.

"Ukwangue dua za watu?" mtawa akamaka. "Una wazimu wewe?"

Mwalimu akaja ameshikwa mkono, macho yameshaingia ukungu. Akanunua jani lake, akapapasa uso wa sanamu, akalikandamiza mdomoni. Kidole kikazunguka polepole, kikarudi. Khamnuan alitamani ardhi immeze.

"Mh," mzee akasema. "Bado umevimba."

"Ni dhahabu hiyo, Mwalimu! Nakuapia! Ni watu hawa wamebandika!"

"Ndivyo ulivyo siku zote. Kosa la watu."

"Mwalimu, chini yake kuna mdomo ambao..."

"We Khamnuan!" Bi Lamduan akadakia kwenye foleni, jani mkononi, shavu limefura. "Si wewe mwenyewe uliyeanza?"

Khamnuan akamgeukia mwalimu. Mzee alikuwa ameshageuka, ananyoosha mkono aongozwe nyumbani.