Alisugua kwa Miguu

Mke wangu alikufa chai ikiwa bado ya moto. Alimimina, akageuka kunipa, akaanguka. Kikombe hakikuvunjika. Hospitalini daktari alisema damu imevuja kichwani. Jua halijazama nikaambiwa niingie nikamuage.

Sijui kuueleza mshtuko ule. Mtu akimwagiwa maji ya baridi hupiga kelele. Mimi sikupiga. Nilikaa kwenye benchi nimeshika kiatu chake kimoja. Hata leo sijui cha pili kilienda wapi.

Lakini nataka kusema habari zake, si zangu.

Kazi yake ilikuwa kusugua stenlesi, kile chuma cheupe kisichoshika kutu, cha milango ya lifti na kuta za majengo makubwa. Karakanani kila mtu alikuwa na lake. Wapo wa kukata, wapo wa kukunja, wapo wa kuchomelea. Yeye alikuwa wa mwisho. Kazi ikitoka kwake imetoka.

Watu hudhani stenlesi ni kung'aa tu. Kung'aa kuna aina zake. Kuna kwa kioo, unajiona mpaka chunusi. Kuna kwa ukungu, chuma kinapigwa mchanga, hujioni kabisa. Na kuna kwa mstari, ambako ndiko kwake. Mistari myembamba kama unywele, yote inaelekea upande mmoja, toka mwanzo wa paneli, lile bamba refu la chuma, hadi mwisho, hakuna unaokatika. Kioo alikidharau.

"Kioo ni cha wanaojipenda," alisema. "Mstari ni wa waliotulia."

Wenzake wakamwita Mama Mstari.

Mimi nilikuwa mlinzi wa geti hapo hapo. Siku ya kwanza niliingia ndani kuomba maji ya kunywa, nikaegemea paneli iliyosimamishwa ukutani. Kiganja kizima. Akageuka, akaona vidole vyangu vyote vimebaki juu ya kazi yake.

"We mlinzi! Unalinda nini na mikono hiyo?"

"Nilikuwa naomba maji."

"Maji utapata. Mikono tia mfukoni. Ukiingia humu, mikono ni mali ya mfuko."

Karakana nzima ilicheka. Nikaitwa Mfukoni mpaka nilipostaafu. Nilipomposa, fundi mkuu aliuliza mbele ya watu wote kama sasa nimeruhusiwa kugusa.

"Akinawa," akajibu yeye.

Wengi husugua kwa mkono, kwenda na kurudi. Mkono una mwisho wake. Ukifika mwisho unasimama, na pale uliposimama chuma kinaweka alama. Yeye alichukua kipande cha ubao kilichofungwa msasa, akakibana kwenye nyonga, akatembea. Toka kichwa cha meza mpaka mwisho wa meza, bila kusita. Halafu anainua ubao, anarudi mwanzo, anatembea tena. Alitanguliza vidole vya miguu, kisigino baadaye, kama mtu anayepita chumbani alimolala mtoto.

"Mkono huchoka," alikuwa akisema. "Mguu wa maskini umeshazoea."

Mlango wa karakana ukiwa wazi, nilimwona kutoka getini. Anapita, anapotea, anapita. Nimelinda geti lile maisha yangu yote ya kazi, na zaidi nililinda mlango ule.

Mafundi wale walikuwa na desturi moja. Kazi ikikamilika hufunikwa nailoni nyeupe yenye gundi, isikwaruzwe njiani. Ikishafungwa kwenye jengo, nailoni inabanduliwa. Anayebandua ni yule yule aliyesugua. Fundi mkuu mwenyewe hathubutu. Aliyefunika ndiye afunue, ndivyo wasemavyo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ukuta mfupi kwenye hospitali mpya, kando ya njia ya kupandishia wagonjwa mpaka mlangoni. Paneli ndefu kama vitanda, zimepangwa safu moja, usawa wa kiuno. Alizisugua, akazifunika, zikaenda kufungwa. Kabla hajaenda kubandua, akaanguka.

Matanga yalipokwisha, fundi mkuu alikuja nyumbani. Alikuja na Kasuku, mwanamke aliyefanya kazi meza moja na mke wangu. Aliitwa Kasuku kwa sababu hanyamazi. Siku ile alikuja na maneno machache.

"Mzee, tumekuja na shida," fundi mkuu akasema.

"Semeni."

"Ile nailoni. Jua la mchana linaipiga moja kwa moja. Gundi ikiivia pale haitoki tena, na kazi yote itakuwa imeharibika. Kesho injinia anataka kuuona ukuta."

"Si mbandue?"

Akatazama sakafu. "Nani abandue, mzee?"

Kasuku akasema, "Shemeji, mimi nilienda. Nikaishika pembe ya nailoni. Mkono ukakataa. Nikarudi zangu."

"Mimi nilikuwa mlinzi tu."

"Wewe ni wake," akasema Kasuku. "Nani mwingine?"

Binti yetu alikuwa jikoni, akasikia. Akasema, "Baba, usiende. Utaumia." Nikamwambia nimeshaumia, pamebaki padogo.

Kesho yake nikaenda nao.

Nailoni ilitoka ikilia kama kitambaa kinachochanwa. Nikavuta ya kwanza. Chini yake palikuwa na mwanga uliotulia, kama maji kwenye beseni usiku kucha hayajaguswa. Nikavuta ya pili. Mistari ilitoka kwenye paneli moja ikaingia kwenye nyingine kana kwamba ukuta mzima ni chuma kimoja. Kila nilipobandua nilihisi naye yupo nyuma ya nailoni, anangoja nimfungulie.

Kasuku alipata ulimi wake. "Mama Mstari huyo! Tazameni! Hata nzi akitua hapa ataomba samahani!"

"Kasuku, punguza," fundi mkuu akasema, lakini naye alikuwa anacheka, macho yamelowa.

Injinia alikuja tukiwa katikati. Kijana mwenye kofia ngumu, mpole wa sura. Alinipa pole. Akatembea kando ya ukuta mikono nyuma, anaitika kwa kichwa. Nikasema moyoni, mke wangu, wamekubali.

Ikabaki ya mwisho, ile iliyo kando ya mlango.

Nikavuta. Nikaacha kuvuta. Nikavuta tena, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza.

Ilikuwa mbaya.

Stenlesi ya mstari ina tabia hii: mistari ikipinda, mwanga unaipiga vingine, na paneli inaonekana ya rangi nyingine ingawa chuma ni kile kile. Hii ilikuwa nyeusi mbele ya wenzake. Ilikuwa na mawimbi, kama uso wa mtu aliyelia. Hata mimi mlinzi niliona. Kasuku alishika mdomo. Fundi mkuu aliinama, akainuka, akainama tena, kana kwamba chuma kingebadilika akitazama mara nyingine.

Maana mke wangu hakuwa mtu wa kukosea. Nyumbani alikuwa haanzi kula kama kitambaa cha meza kimekaa upande.

"Hii nini?" injinia akauliza. "Nani kasugua hii?"

Fundi mkuu akamtazama Kasuku.

"Jamani, nauliza vizuri. Milango ya lifti bado haijasuguliwa. Aliyefanya hii sitaki aguse milango yangu. Ni nani?"

"Mimi," akasema Kasuku.

Niligeuka. Fundi mkuu aligeuka. Kasuku alikuwa amesimama wima, kidevu juu, machozi yanashuka, hayafuti.

"Zile zote ni za marehemu," akasema. "Hii moja ni yangu. Nilimsaidia. Niliharakisha."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuiona paneli. Mwanamke yule ana watoto, na milango ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwaka. Aliitoa hivi hivi, ili jina la mwenzake libaki safi.

Nikasogea karibu na paneli, nikachuchumaa. Mikono niliitia mfukoni, mazoea tu. Nikatazama mistari. Ilikuwa inakwenda kidogo, inakatika. Inaanza tena, inakatika. Kila urefu wa mkono pana kiungo, kama mshono wa mtu aliyeshona gizani. Na kila kipande kimepinda kidogo kuelekea chini, pale mkono ulipofika mwisho wake.

Aliyesugua hii hakutembea. Alisimama mahali pamoja, akasugua kwa mkono, akajivuta, akasimama tena.

Hapo ndipo nilipopigwa. Hospitalini nilipigwa, lakini hapa ndipo.

Wiki zile za mwisho alikuwa anatembea nyumbani huku ameegemea ukuta. Toka chumbani mpaka jikoni, bega ukutani. Nilimuuliza.

"Nyumba yako imeinama, mume wangu," akaniambia. "Ita mwashi."

"Nyumba haijainama. Wewe umenenepa, inakukimbia."

Alicheka mpaka akakaa. Mimi nikacheka. Tulikuwa tunacheka, na mguu wake ulikuwa umeshakufa. Mguu ulitangulia, yeye akafuata. Mimi hakuniambia. Wala hakumwambia Kasuku. Alienda karakanani, akasimama kwenye meza yake na mguu mmoja, akamaliza paneli, akaifunika upesi mwenyewe. Pale mezani, chini ya taa, ikiwa imelala peke yake, kosa halionekani. Mpaka isimame na wenzake juani.

Nikainuka. Magoti yalilia.

"Kijana wangu," nikamwambia injinia. "Huyu mama anakudanganya. Hii ni ya mke wangu."

"Shemeji!"

"Nyamaza, Kasuku." Sikuwahi kumwambia hivyo. "Alikuwa mgonjwa, hatukujua. Mguu ulikuwa hauendi. Yeye alikuwa anasugua kwa miguu. Tazama viungo hivi. Hapa alisimama. Hapa akasimama tena."

Injinia alitazama. Akavua kofia. Alikaa hivyo na kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

"Milango ya lifti mpe Kasuku," nikasema. "Hana kosa ila uongo."

"Atapata, mzee. Na hii basi tuiache. Ibaki hivi hivi. Iwe kumbukumbu yake."

Fundi mkuu akaitika kwa kichwa. Kasuku naye. Wote wakanitazama, wakidhani nitashukuru.

"Hapana," nikasema.

"Mzee..."

"Angeona haya. Watu watapitishwa hapa na machela, wataona doa kando ya mlango. Watauliza fundi alikuwa nani. Mnataka ajulikane kwa hii? Isuguliwe."

"Isuguliwe na nani?"

"Kasuku."

Kasuku alirudi nyuma. "Shemeji, nikisugua hii namfuta. Hapa ndipo alipomalizia mkono wake."

"Ndiyo," nikasema. Mdomo ulisema. Mwili wote ulikataa.

Alileta ubao na msasa kwenye mfuko wa kazi. Akajaribu pembeni, akasimama, akatikisa kichwa. "Haitashikana na zake. Mimi nasugua kwa mkono kama wengine. Miaka yote nilikaa upande wa pili wa meza, nilitazama chuma, sikutazama miguu. Alikuwa anatembeaje?"

Nikavua viatu.

Nilitembea mbele yake kando ya ukuta, taratibu, vidole kwanza, kisigino baadaye. Bila kusita mpaka mwisho. Yeye akafuata nyuma, ubao kwenye nyonga. Tukarudi mwanzo. Tukaenda tena. Mafundi wa rangi waliacha kazi wakatutazama, mzee peku peku na mwanamke nyuma yake, wanakwenda na kurudi kama watu waliopoteza kitu. Hakuna aliyecheka. Vumbi la chuma lilishuka chini kidogo kidogo, la kijivu. Nililikanyaga. Sikuwa na pengine pa kukanyaga.

Jua lilipohamia upande wa pili, Kasuku alifuta paneli kwa kitambaa chenye maji, akaikausha kwa kingine. Akasogea kando.

Ukuta ulikuwa mmoja. Nilitafuta pale alipokosea. Nikainama, nikatazama kwa ubavu, nikasogea, nikarudi. Sikupaona. Hata kiungo kimoja sikukiona. Nilikuwa mimi niliyetaka hivyo, na bado nilishtuka kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kitanda kimeondolewa.

Hapo nikalia. Kwa sauti, mbele ya watu. Tangu aanguke nilikuwa sijalia.

Kisha nikanyoosha mkono kwenye ile paneli.

"Shemeji," Kasuku akasema polepole.

Nikautia mfukoni.